Namna ya kuwafikishia watu wazima chanjo ya mafua kabla ya msimu

Wengi wa watu wazima wasiochanjwa hawajaikataa chanjo. Walikuja kupima presha au kuchukua dawa za kisukari, wakahudumiwa, wakaondoka bila mtu kuwatajia. Hapo ndipo pa kuanzia.

Asubuhi, pitia mafaili ya watakaoonwa siku hiyo na uwawekee alama wazee, wajawazito na wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au figo. Wahudumu nao wamo, tena watangulie. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, kwa hiyo kazi hii ifanyike kabla mafua hayajatapakaa. Dozi ya mwaka jana haitoshi: kinga hupungua, na virusi hubadilika. Vichupa vya msimu uliopita vitoe kwenye jokofu kabisa, visije vikachanganywa.

Usiulize, "Ungependa kuchanjwa?" Swali hilo huzaa "labda siku nyingine." Sema, "Mama, leo unastahili chanjo ya mafua, na ipo hapa. Tuchome mkono gani?" Akisita, nyamaza umsikilize. Mara nyingi atasema, "Mwaka ule nilichomwa nikaugua." Usimbishie. Mweleze kuwa chanjo ya sindano haina virusi hai, hivyo haiwezi kumpa mafua. Homa kidogo na maumivu ya mkono kwa siku 1 au 2 ni mwili unaojenga kinga. Huenda pia aliambukizwa kabla ya zile wiki 2, au alipata virusi vingine. Mwambie ukweli wote: anaweza kuugua hata akichanjwa, ila uwezekano wa kuzidiwa na kulazwa hupungua. Ukimwahidi kwamba hataugua kamwe, mwakani hutamwona.

Kuchoma kwenyewe kunaharibika kwa jambo dogo: kuvuta kola ya shati badala ya kutoa mkono mzima kwenye shati. Bega likiwa nusu wazi, sindano huingia juu mno, dawa ikafika kwenye kiungo, na mtu akakaa miezi akishindwa kuinua mkono. Papasa ncha ya mfupa wa bega, shuka vidole 2 hadi 3, choma wima kwenye msuli. Kwa watu wazima wengi sindano ya milimita 25 inatosha. Dozi ya kawaida ni mililita 0.5. Chanjo ya UVIKO-19 inaweza kutolewa siku hiyohiyo, mkono wa pili. Akae dakika 15, adrenalini ikiwa karibu, kwa sababu mzio mkali ni nadra lakini haungoji.

Jokofu libaki kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Chanjo iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Andika tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo kwenye kadi na kwenye rejista. Anayesema "nitarudi" mpe siku na uchukue namba yake ya simu kabla hajainuka kitini, kisha mtumie ujumbe siku moja kabla.