Kabla hujaingiza pweza kwenye chumba kipya cha baridi

Siku kioo cha nje cha kuonyesha joto kinapoandika nyuzi hasi 18 kwa mara ya kwanza, mwenye chumba hanisubiri nifike. Simu inaita kabla sijanywa chai: "Fundi, barafu ipo, niite gari la pweza?" Namwambia bado, nipe siku tatu. Ananuna. Lakini chumba kitupu kilichofungwa mlango hata mashine mbovu itakipoza. Mimi nataka kujua kitakuwaje umeme ukikatika saa nane mchana, jua la Februari, ndani kuna tani tatu za mali ya watu.

Nafanya kazi hii Tanga. Vyumba vyangu vingi ni vya samaki na pweza, mashine za gesi ya kupozea iitwayo R404A, umeme wa fezi tatu. Namba nitakazotaja ni za mashine hizo. Kama gesi yako ni nyingine, fuata jedwali lake, usiazime namba zangu.

Anza na naitrojeni, gesi iache kwenye mtungi. Mabomba ya kopa yakishachomelewa, jaza naitrojeni kavu kupitia regyuleta, tena kwa hatua. Fika psi 50 (psi ni kipimo cha presha), tega sikio. Fika 150, pitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo, hasa vile vilivyojificha nyuma ya feni za ndani ambako mkono unaingia kwa shida. Kisha panda mpaka kiwango cha majaribio cha mtengenezaji, na kumbuka upande wa kufyonza mara nyingi una kiwango chake, kidogo zaidi. Oksijeni hapana kabisa. Ikikutana na oili chini ya presha inalipuka, na mtungi wake wa kuchomelea huwa umesimama palepale, unamtamanisha mvivu.

Andika presha, andika na joto la hewa, acha saa 24. Hapa ndipo vijana wanapobabaika. Jioni geji ilisoma 300, hewa nyuzi 32. Alfajiri inasoma 293. Kijana wangu ananitazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mzee, inavuja."

"Hewa ni nyuzi ngapi sasa hivi?"

"Ishirini na tano."

"Basi chukua kalamu."

Naitrojeni ikipoa inasinyaa. Chukua 300, ongeza 14.7 ya hewa inayotuzunguka, upate 314.7. Zidisha kwa 298, gawanya kwa 305. Hizo ni nyuzi 25 na 32 zilizoongezewa 273. Unapata kama 307.5. Toa ile 14.7, inabaki 292.8. Geji yetu haikudanganya, hakuna tundu. Ingesoma 285, hapo tungerudi kwenye povu.

Baada ya hapo ni vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote mabombani kwa pampu, na geji ile ya kawaida ya mikono miwili haitoshi, yenyewe inakuonyesha mshale umelala tu. Unahitaji geji ya maikroni, inayosoma presha ndogo mno. Shusha chini ya 500, funga valvu, zima pampu, kaa nusu saa uangalie. Ikipanda halafu ikasimama mahali, tuseme 1,500, kuna unyevu umebaki: vunja vakyumu kwa naitrojeni kavu, vuta tena. Ikipanda bila kusimama, ni tundu. Oili ya POE, ile ya kulainisha kompresa inayotumika na gesi hii, inanywa unyevu haraka, na hewa yetu ya pwani wakati wa masika unaijua. Kopo la oili likikaa wazi tangu asubuhi, mimi silitumii. Kujaza gesi ni kwa mizani, na ikiwa majimaji, kwa sababu R404A ni gesi tatu zilizochanganywa. Ukiichukua kama mvuke mchanganyiko unabadilika mtungini.

Hita ya chini ya kompresa iwashwe siku moja kabla, ili gesi iliyojichanganya na oili itoke. Kaza skrubu zote za nyaya, pima volti kati ya fezi na fezi, angalia mpangilio wa fezi. Ukishawasha, usiende kuvuta sigara. Simama na klampu mita, linganisha ampea za kila waya na kibao cha kompresa. Chumba kikikaribia hasi 18 natarajia upande wa kufyonza kama psi 17, ambayo kwa gesi hii ni joto la kuchemka la karibu nyuzi hasi 29, na mchana wa nyuzi 32 upande wa kutoa kama psi 280. Pima na joto la bomba linalotoka evapoleta, ile koili ya ndani inayopoza: liwe juu ya joto hilo la kuchemka kwa nyuzi tano hadi saba. Ikiwa ni moja au mbili, majimaji yanarudi kwenye kompresa na itakufa mapema. Ila usiizungushe valvu inayopima majimaji ya kuingia evapoleta chumba kikiwa bado cha moto. Namba za siku ya kwanza hazisemi chochote.

Swichi za usalama nazijaribu kwa kuzilazimisha. Zuia hewa ya kondensa, ile koili ya nje inayotoa joto, kwa katoni, shika swichi kuu mkononi, macho kwenye geji: mashine ijizime penye namba uliyoiseti. Isipojizima, izime wewe. Upande wa chini, funga valvu ya majimaji, uone hivyohivyo.

Kushusha joto ni kazi ya siku kadhaa. Sakafu ya zege mpya ina maji ndani, ukiigandisha ghafla inapasuka. Nasimamisha chumba kwenye nyuzi 3 siku nzima, kisha nashuka nyuzi tano kwa siku. Wakati huohuo naangalia ile valvu ndogo ya ukutani ya kusawazisha hewa, pamoja na hita yake. Hewa ya ndani ikipoa inasinyaa, na bila valvu hiyo mlango unanata kama umepigwa gundi, paneli nazo zinaweza kukunjamana. Kuna mahali nilikuta fundi wa rangi ameiziba kwa silikoni, akidhani ni tundu lililosahauliwa.

Kipimajoto usikiamini kwa sababu ni kipya. Ponda barafu ujaze kikombe, tia maji kidogo, koroga, tumbukiza sensa, subiri dakika chache. Isome 0. Ikisoma 2, basi hasi 18 yako ni hasi 20, na umeme unalipia bure. Ikikosea upande wa pili, pweza ndiye atakayelipa. Halafu weka vipimajoto vingine ndani: karibu na mlango juu, kona ya mbali chini, na katikati. Kioo cha nje kinasoma sensa moja tu, tena mara nyingi iko mahali penye upepo mzuri.

Mlango naujaribu kwa tochi. Mtu mmoja anabaki nje gizani, mimi ndani namulika raba pande zote. Mwanga ukipenya, baridi inapenya. Kijiti cha udi kinafaa pia, moshi unaonyesha hewa inakimbilia wapi. Kisha nafungiwa ndani, kwa makusudi. Nasukuma kitufe cha kujiokoa, nabonyeza kengele, aliye nje aseme kama ameisikia. Jaribio hili lirudie chumba kikiwa hasi 18, maana kitufe kilichofunguka vizuri kwenye nyuzi 25 nimekikuta kimeganda. Nililipata funzo hilo nikiwa na shati jepesi.

Difrosti, yaani kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye koili, iite kwa mkono, usingoje ratiba. Mwaga jagi la maji kwenye trei ya chini ya evapoleta, toka nje uone yanatoka kwenye bomba. Yasipotoka, hita ya bomba haifanyi kazi au mteremko umekosewa, na baada ya wiki utakuwa na jiwe la barafu chini ya evapoleta. Difrosti ikiisha, feni zisiwake papo hapo. Zisubiri koili ipoe, la sivyo zitapuliza joto na matone juu ya mzigo.

Sasa umeme. Chumba kimoja nilikijaribu kila kitu kwa umeme wa gridi, nikasaini, nikaondoka. Wiki ya pili umeme ukakatika, jenereta ikawaka, kompresa nayo ikawaka. Mlinzi alisema ilikuwa "inalia kama mashine ya kukoboa". Nilifika usiku, nikakuta bomba la kufyonza na la kutoa yana joto moja. Aliyefunga jenereta alikuwa amegeuza fezi mbili, na kompresa ya aina ya skroli ikizunguka kinyume haisukumi kitu, inajisaga tu. Kosa la nyaya lilikuwa lake. Kutojaribu kwa jenereta lilikuwa langu. Tangu hapo kila chumba kina relei ya kulinda fezi, inayozuia kompresa kuwaka fezi zikigeuzwa, na nakata umeme mwenyewe mara tatu: kwenda kwenye jenereta, kurudi gridi, na mara ya tatu nakiacha bila umeme wowote kwa muda wa saa nne nikiandika joto kila nusu saa. Umeme ukirudi, kompresa ingoje dakika chache kabla ya kuwaka.

Mzigo wa kwanza uwe ulioganda tayari, na uingie kwa mafungu. Chumba hiki kinatunza, hakigandishi. Ukikijaza pweza aliyetoka kuvuliwa, mashine itahangaika usiku kucha na mzigo wa jirani utaanza kulainika. Acha nafasi ukutani na chini ya feni.

Presha, ampea, joto la kila kona na muda wa difrosti naviandika kwenye karatasi moja. Naifunika plastiki, naibandika ndani ya mlango wa kabati la umeme, na pembeni nachora safu tupu kwa ajili ya fundi atakayekuja mwezi ujao, hata kama si mimi.