Rasta zimebana? Usitoke saluni bado

Kabla hujalipa, inua nyusi na uinamishe kichwa. Ngozi ya paji ikivutika, au vipele vidogo vikijitokeza kwenye mashina ya rasta, msusi amekaza mno. Mwambie afumue mstari wa mbele, hata kama saluni ni ya kisasa na foleni imefika mlangoni. Mafuta hayalegezi rasta, na dawa ya maumivu huficha tu: nywele zinaendelea kuvutwa, na upara wa pembeni ukikomaa huwa wa kudumu. Asuke upya akianza na nywele zako zenyewe, kisha aongeze za bandia kidogo kidogo. Usifunge kishungi siku za mwanzo. Fumua kabla ya wiki 8. Vipele vikitunga usaha, nenda hospitali.