Namna ya kuandika wasifu wa mwigizaji wa filamu: tumtumie Lupita Nyong'o kama mfano

Wasifu mwingi wa waigizaji huandikwa kinyumenyume. Mwandishi anaanzia usiku wa tuzo, anarukia majina ya filamu kumi zilizopangwa kama bidhaa dukani, kisha anarudi usiku uleule wa tuzo. Msomaji anaondoka akijua kwamba fulani alishinda, lakini hajui alifikaje pale wala anaigiza vipi. Lupita Nyong'o anafaa kwa mazoezi kwa sababu maisha yake yana karibu kila mtego unaomnasa mwandishi wa wasifu.

Daftari kabla ya sentensi

Usiandike hata aya moja kabla ya kuchora daftari lenye safu nne: tarehe, mahali, tukio, na ulikoipata habari. Safu ya nne ndiyo wengi huiruka, na ndiyo itakayokuokoa msomaji akikuuliza. Mistari ya mwanzo itakuwa hivi:

1983, Machi 1. Mexico City. Azaliwa na wazazi Wakenya. Baba, Peter Anyang' Nyong'o, anafundisha chuoni huko.
Kabla ya kutimiza mwaka. Kenya. Familia yarudi nyumbani.
Umri wa miaka 14. Nairobi. Aigiza Juliet jukwaani na kundi la Phoenix Players.
Umri wa miaka 16. Taxco, Mexico. Apelekwa kwa miezi saba kujifunza Kihispania.
2012. Marekani. Ahitimu shahada ya uzamili ya uigizaji, Chuo Kikuu cha Yale.

Mistari hii mitano tu tayari imekuepusha na kosa moja kubwa. Ukiandika "mzaliwa wa Kenya" umekosea, na ukiandika "Mmexico aliyehamia Kenya" umepotosha. Ni Mkenya aliyezaliwa Mexico, na ana uraia wa nchi zote mbili. Jina Lupita ni kifupi cha Guadalupe, kwa hiyo linabeba habari ya mahali alipozaliwa. Sentensi moja juu ya hilo inatosha.

Filamu moja, miaka mitatu

Hapa ndipo wasifu mwingi unapovunjika. Filamu ya 12 Years a Slave, ambamo Lupita aliigiza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba, ilirekodiwa Louisiana mwaka 2012, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Telluride, Marekani, mwishoni mwa Agosti 2013, ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Oktoba 2013, na Oscar yake ikatolewa Machi 2, 2014. Andika mwaka wa filamu kuwa 2013 na mwaka wa tuzo kuwa 2014. Ukivichanganya, utampa Oscar mwaka mmoja kabla hajaipata.

Umri nao uhesabie siku ya sherehe, usihesabie siku filamu ilipotoka. Usiku ule alikuwa na miaka 31 na siku moja. Kuna jambo jingine linalowachanganya waandishi wa kwetu: sherehe ilianza Jumapili jioni Los Angeles, wakati Nairobi ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, Machi 3. Ndiyo maana ukitafuta unaweza kukutana na tarehe mbili. Fuata tarehe ya mahali tukio lilipotokea.

Tuzo: andika jina lote

"Alishinda Oscar" haitoshi. Andika jina la tuzo, kipengele, kazi aliyoshindia na mwaka: Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, kwa uhusika wa Patsey katika 12 Years a Slave, 2014. Kuteuliwa si kushinda, kwa hiyo ziwekee orodha mbili tofauti. Kwa uhusika huohuo aliteuliwa kuwania tuzo za Golden Globe na BAFTA ya Uingereza, na zote mbili akazichukua mwigizaji Jennifer Lawrence. Usiogope kuandika hivyo. Msomaji akijua kwamba Oscar haikuwa imehakikishwa, ushindi unapata uzito wake. Mwaka 2016 aliteuliwa kuwania Tony kwa tamthilia ya Eclipsed ya Danai Gurira iliyochezwa Broadway, mtaa wa majumba ya maigizo jijini New York. Hiyo ni tuzo ya jukwaani, isiingie kwenye hesabu ya filamu.

Neno "wa kwanza" lipime mara mbili. Wengi huandika kwamba ni mwigizaji wa kwanza wa kike kutoka Afrika kushinda Oscar. Sivyo: Charlize Theron wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2004. Andika kuwa ni Mkenya wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji, na hapo umesimama imara.

Sehemu yenye nyama: miaka kabla ya umaarufu

Wasifu wa maneno 800 tunaugawa hivi: utangulizi 60, utoto na shule 120, kazi kabla ya umaarufu 180, uhusika uliomletea tuzo 180, kazi za baadaye 200, familia na mengineyo 60. Wengi hutoa maneno 20 kwa kazi za kabla ya umaarufu, na hapo ndipo mtu anapotoweka kwenye wasifu wake mwenyewe.

Lupita hakushuka kutoka mawinguni mwaka 2013. Alifanya kazi nyuma ya kamera kama msaidizi wa utayarishaji katika The Constant Gardener, iliyorekodiwa Kenya na kutoka 2005. Mwaka 2009 aliigiza Ayira katika tamthilia ya televisheni ya Shuga, na mwaka huohuo akaongoza filamu yake ya makala, In My Genes, kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Weka neno "aliongoza" wazi kabisa. Akitajwa kama mwigizaji tu, nusu ya maandalizi yake imefutwa.

Jinsi ya kueleza uigizaji wenyewe

"Aliigiza kwa hisia kali" ni sentensi inayoweza kuandikwa na mtu asiyeiona filamu. Tazama filamu nzima, siyo trela. Kisha chagua tukio moja na ulitazame tena bila sauti, ukiangalia mikono, shingo na pumzi. Kwa Patsey, chukua tukio la sabuni. Anachuma zaidi ya pauni 500 za pamba kwa siku, yaani zaidi ya kilo 226, kuliko mwanamume yeyote shambani, lakini bibi mwenye nyumba anamnyima hata sabuni ya kuogea. Anaifuata kwa jirani, anarudi, anaonyesha kile kipande kidogo kiganjani mbele ya bwana aliyekwisha pandwa na hasira. Eleza kiganja na sabuni. Msomaji ataielewa hiyo adhabu inayofuata bila wewe kuongeza neno "kusikitisha".

Katika kazi za baadaye, chagua kitenzi kulingana na kazi. Kama Nakia katika Black Panther (2018) aliigiza kwa mwili na uso wake. Kama Maz Kanata katika Star Wars: The Force Awakens (2015) miondoko na sura yake vilinaswa, kisha kompyuta ikamchora kiumbe mwingine. Katika The Wild Robot (2024) aliingiza sauti tu. Katika Us (2019) aliigiza wahusika wawili, Adelaide na Red, kwa hiyo wataje wote wawili. Queen of Katwe (2016), ambamo ni mama wa Phiona Mutesi, mcheza sataranji wa Kampala, ipe nafasi zaidi kuliko wanavyoipa waandishi wa mbali. Wasomaji wetu wanaijua mitaa ile.

Kabla ya kuchapisha

Tafuta jina Nyong'o katika maandishi yote, moja baada ya jingine. Simu nyingi hudondosha kile kikoma, na pasipo hicho jina linageuka nyongo, ile ya kwenye ini. Baba yake ana "Anyang'" yenye kikoma pia. Baba ni gavana wa Kisumu tangu 2017. Sentensi moja inatosha, maana wasifu si wake.

Picha za zulia jekundu huwa na wenyewe. Tumia picha huria, utaje mpigapicha na leseni. Mwisho weka tarehe uliyosahihisha ukurasa, kwa kuwa mwigizaji aliye hai bado anafanya kazi, na "filamu yake ya karibuni" inachakaa ndani ya miezi michache.