Ziwa Kivu leo likoje? Kuweka taarifa za usafi wa fuo za Goma mtandaoni

Mzazi anayeteremka na watoto kuogelea anauliza jambo moja tu: leo tuingie majini au tusiingie? Kipimo cha bakteria huchukua siku nzima kutoa jibu, kwa hiyo kila namba utakayoweka mtandaoni ni ya jana. Namba isiyo na tarehe inadanganya watu, na afadhali isiwepo kabisa.

Hatua ya 1: Chagua mahali. Anza na sehemu tatu ambazo watu wanaoga kweli, mojawapo ikiwa karibu na mfereji wa maji ya mvua. Goma haina mto unaokatiza mjini. Mvua ndiyo inayokokota uchafu wa mitaa mpaka ziwani. Chota palepale kila wiki, asubuhi. Jua kali la mchana huua bakteria, na ukichota saa saba mchana ufuo utaonekana safi kuliko ulivyo.

Hatua ya 2: Chota. Ingia mpaka maji yafike kiunoni, usimame tope litulie. Chukua chupa iliyochemshwa, uizamishe mdomo ukiangalia chini hadi sentimita 30, ndipo uigeuze. Usikwangue povu la juu. Kaa mbali na wanaojaza bidoni, na usitumie maji yaliyokwisha kutiwa klorini ufuoni, maana yatatoa jibu safi la bure. Chupa ikae kwenye barafu, na maji yapimwe kabla muda wa saa 6 haujapita.

Hatua ya 3: Otesha na uhesabu. Karatasi za kuoteshea E. coli, bakteria wa kinyesi (Petrifilm), hubeba mililita 1 tu kila moja. Tumia tano kwa kila mahali, na ya sita uitie maji yaliyochemshwa yakapoa. Zikae kwenye kisanduku cha joto cha umeme (inkubeta), nyuzi 35, kwa muda wa saa 24. Hapa ndipo wengi wanapokosea: Goma iko juu, zaidi ya mita 1,400, na usiku wake ni wa baridi. Karatasi zilizoachwa mezani hazioteshi kitu, halafu mtu anatangaza “maji ni safi”. Umeme ukikatika, zifunge kati ya katoni mbili, uzivae tumboni chini ya shati.

Hesabu vidoti vya buluu vyenye kiputo cha gesi. Vyekundu ni bakteria wengine, viache. Jumlisha karatasi zote tano, uzidishe kwa 20: hiyo ndiyo idadi kwa mililita 100. Ukikosa hata kidoti kimoja, andika “chini ya 20”, usiandike sufuri. Karatasi ya sita ikiota chochote, tupa kazi yote na uchote upya.

Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inapendekeza 235 kwa mililita 100 kama kiwango cha kuonya waogeleaji. Kwa hesabu yetu, vidoti 12 kwenye karatasi tano vinatosha kufunga.

Hatua ya 4: Jedwali. Fungua Google Sheets: A mahali, B tarehe ya kuchota, C saa, D vidoti, E idadi (=SI(D2=0;"chini ya 20";D2*20)), F uamuzi (WAZI au IMEFUNGWA), G anachosoma mgeni. Kwenye G weka:

=SI(AUJOURDHUI()-B2>7;"HAKUNA TAARIFA";F2)

Jedwali likiwa limewekwa Kifaransa, alama ya kutenganisha ni nukta-mkato. Mkato wa kawaida utaleta kosa. Fomula hii ndiyo moyo wa kazi: mpimaji akiugua wiki mbili, neno WAZI linajifuta lenyewe. Tarehe andika na jina la mwezi, maana 03/04 kila mtu anaisoma kivyake.

Hatua ya 5: Toa kwa watu. Ruhusu kila mwenye kiungo kusoma tu, asiandike. Usiweke picha: mega ni pesa. Tuma mstari mmoja kwenye WhatsApp, na neno hilohilo liandikwe kwa chaki ufuoni.

Kufunga na kufungua. Mvua kubwa ikinyesha, funga papo hapo bila kungoja maabara. Kufungua kunahitaji kipimo kipya kilicho chini ya kiwango.

Mazuku yawe na safu yake peke yake. Hiyo gesi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni upande wa magharibi wa mji hadi ufuoni, hasa alfajiri isiyo na upepo, na mtoto mfupi huivuta kabla ya mkubwa. Ukiona ndege au wanyama wadogo wamekufa shimoni, funga hapo hata kama maji yana vidoti sufuri, wala usishuke kuangalia.

Juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa: WAZI maana yake ni kuoga, si kunywa. Kipimo cha E. coli hakitafuti bakteria wa kipindupindu. Maji ya bidoni yatiwe klorini kila siku, hata ufuo ukiwa wazi.