Wa bweni wanarudi na ndani kuna kichanga: ya kuangalia mapema kuhusu kifaduro

Shule zikifunga wa bweni wanarudi na matranka, nguo chafu na vikohozi, sa kama ndani kuna mtoto ambaye hata arobaini hajafikisha, panga mambo kabla tranka halijashushwa kwenye bajaji. Naongelea kifaduro, maana wengi wanadhani kiliisha enzi za bibi zetu. Hakijaisha.

Kwanza toa kadi za kliniki za watoto wote uzisome, usijibu kwa kukumbuka. Chanjo ya kifaduro imo ndani ya penta, yaani sindano moja inayokinga magonjwa matano, inachomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwahiyo kichanga wa wiki tatu hajapata hata sindano moja. Na yule wa darasa la sita aliyemaliza zote tatu, kinga yake nayo inapungua miaka inavyokwenda, anaweza kukohoa tu huku anacheza mpira kama kawaida, kumbe ndo anatugawia.

Mtego uko hapa. Wiki moja au mbili za mwanzo ni mafua tu, kamasi na kikohozi kidogo, na ndo kipindi kinachoambukiza kuliko vyote. Ukija kusikia kikohozi chenyewe, yaani anakohoa mfululizo mpaka pumzi inaisha, halafu anavuta hewa kwa mlio na uji wote unarudi, ujue wenzie washavuta zamani. Tena tangu aambukizwe mpaka aanze dalili huwa ni kama siku 7 mpaka 10, so anaweza kutoka bwenini mzima kabisa akaanzia kwako.

Kwahiyo mpigie matroni kabla mtoto hajapanda basi, muulize kuna wanaokohoa zaidi ya wiki mbili? Mwaka juzi mi niliambiwa ni vumbi, nikaamini, mwanangu akakohoa mpaka jicho la kushoto likavilia damu.

Panga pia nani analala wapi. Mama na kichanga chumba chao, dirisha wazi, na mwenye kikohozi asimpakate mtoto hata kama ni bibi katoka kijijini na kanga mpya. Watu wanahangaika kutenga vikombe, sawa, ila hiki kinasafiri kwa matone ya kukohoa na kupiga chafya, wa kutengwa ni mtu.

Halafu jua mapema utamwamsha nani mwenye gari saa nane usiku. Kichanga mara nyingi hatoi ule mlio, pumzi inakata tu kwa muda mfupi, midomo inabadilika rangi. Hapo hospitali, usisubiri kukuche.

Mkubwa akikutwa nacho anapewa antibayotiki, mara nyingi azithromaisini, na muulize daktari kama nyumba nzima mnywe pia, sio kujinunulia duka la dawa. Akimaliza siku 5 za dawa haambukizi tena, asiyetumia anaweza kuambukiza kama wiki 3 tangu aanze kukohoa. Ila kikohozi chenyewe kinaweza kuburuza hata miezi miwili, sharubati za dukani hazikigusi, kwahiyo omba barua ya daktari kabla shule hazijafunguliwa maana getini akikohoa mara moja tu wanamrudisha.