Makro ikusafishie maandishi

Kama kila siku unabandika maandishi kutoka kwenye PDF kisha unayapanga upya kwa mkono, rekodi makro, yaani mfuatano wa hatua ambao programu huukumbuka na kuurudia yenyewe, mara moja tu. Kwenye Microsoft Word nenda View, Macros, halafu Record Macro. Ipe jina lisilo na nafasi, mfano SafishaMaandishi, na uiwekee vitufe vya mkato, tuseme Ctrl+Alt+Q.

Sasa fanya kazi kama kawaida: Ctrl+A kuchagua yote, chagua fonti na nafasi ya mistari, kisha Ctrl+H (kutafuta na kubadilisha) ubadilishe ^p^p kuwa ^p (alama ya mwisho wa aya) ili mistari mitupu iondoke. Bofya Replace All mara mbili tatu, kwa sababu mistari mitupu ikifuatana mingi haiishi kwa mkupuo mmoja. Ukimaliza, Stop Recording.

Panapowakwamisha wengi ni hapa: wakati wa kurekodi, kipanya hakichagui maandishi. Tumia Shift na vitufe vya mishale. Na tafadhali, ijaribu kwanza kwenye nakala ya faili. Ctrl+Z hurudisha hatua moja moja, si makro nzima.

Makro iliyokuja na faili usilolijua, usiiwashe kabisa.