Chunusi kwenye ngozi nyeti: namna ya kuitibu bila kuiunguza, kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Mwenye ngozi nyeti akitokwa na chunusi anabeba matatizo mawili kwa mpigo, na dawa ya la kwanza hulichokoza la pili. Krimu inayokausha chunusi huchubua ngozi. Ngozi iliyochubuka huwasha na kuvimba, uvimbe huo huleta vipele vingine, na kila kipele kikipona huacha doa jeusi linalokaa kwa miezi. Hapo ndipo mtu huenda kununua dawa kali zaidi, na uso unazidi kuharibika. Mara nyingi dawa ya kwanza haikuwa dhaifu. Iliwekwa juu ya ngozi iliyokwisha kuumia, kwa wingi, na ikaachwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: ngozi itulie kwanza, kisha ianzishwe dawa moja, kidogo kidogo, kwa miezi mitatu kamili.

Je, ni chunusi kweli?

Chunusi huja mchanganyiko. Utaona vichwa vyeusi, vichwa vyeupe, vipele vigumu na vyenye usaha, vya ukubwa tofauti, kwenye paji, mashavu, kidevu, kifuani au mgongoni. Chanzo chake ni vitundu vya ngozi kuzibwa na mafuta ya mwili pamoja na ngozi iliyokufa, kisha bakteria wanaoishi humo huamsha uvimbe.

Vipele vikiwa vidogo, vyote saizi moja, vinawasha sana na vimejaa kwenye paji, kifua na mgongo wakati wa joto la Novemba hadi Machi, huenda ni fangasi wa vinyweleo. Hawa hutibiwa kwa ketokonazoli, na vidonge vya antibayotiki huwaongeza. Harara nayo hutokea ghafla ukitoka jasho na hupungua ukipata upepo.

Kwa huku kusini kuna jambo jingine ambalo miongozo mingi hailigusi, nalo ni korosho. Ganda la korosho lina mafuta yenye asidi ya anakadiki na kadoli, ambayo hubabua ngozi. Anayebangua kwa mkono, au anayechoma korosho nyumbani, akijishika uso kabla ya kunawa hupata wekundu, malengelenge na kuwashwa vikali. Akidhani ni chunusi na kupaka dawa ya chunusi, anaongeza kidonda juu ya kidonda. Vaa glovu. Ukimaliza, futa mikono kwa mafuta ya kula, kwa sababu mafuta ya ganda hayatoki vizuri kwa maji peke yake, kisha nawa kwa sabuni mara mbili. Utomvu wa embe hufanya vivyo hivyo, maana mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja. Moshi wa kuchomea korosho pia hubeba mafuta hayo, hivyo kaa upande upepo unakotoka.

Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe) nayo hukausha na kuchoma uso. Funika uso unapopuliza, na oga mara urudipo. Wapo wanaochukua salfa ya shamba wakaipaka kwenye chunusi kwa kuwa wamesikia salfa inatibu. Ni kweli ipo salfa ndani ya baadhi ya dawa za ngozi, kwa kawaida asilimia 3 hadi 10, lakini hiyo imesafishwa na kupimwa kwa ajili ya uso. Ya shamba iache shambani.

Wiki mbili za kupumzisha ngozi

Kabla ya dawa yoyote, acha kila kinachochokoza kwa wiki mbili. Ndimu ni asidi kali, na ukitoka nayo juani huunguza na kuacha madoa ya kahawia. Sabuni ya mche imetengenezwa kwa ajili ya nguo. Ngozi ya uso ina tindikali kidogo, karibu pH 5, na sabuni hiyo huivuruga. Dawa ya meno, spiriti na manukato usoni, vyote weka kando. Singo pia. Bibi harusi anayefundwa na ana chunusi, asingwe mwili na uso uachwe, kwa sababu kusugua hupasua vipele ndani kwa ndani na madoa yake ndiyo yatakayoonekana siku ya harusi. Somo akielezwa mapema huelewa.

Mafuta ya nazi yanastahili neno la peke yake, kwa kuwa huku yapo kila nyumba. Kwenye nywele na miguu ni mazuri. Usoni kwa mtu mwenye chunusi huziba vitundu, hata yakiwa yamekamuliwa vizuri nyumbani. Na ukipaka nywele, mafuta huteremka na jasho hadi kwenye paji. Vipele vilivyojipanga mpakani mwa nywele mara nyingi chanzo chake ni hicho. Paka kidogo kuanzia katikati ya kichwa, funga kitambaa unapolala, na foronya ifuliwe kila wiki. Ushungi unaogusa kidevu na mashavu nao uwe wa pamba, ubadilishwe kila siku ukiwa umelowa jasho.

Osha uso mara mbili kwa siku, usizidishe. Asubuhi maji matupu yanatosha. Jioni tumia sabuni laini ya uso isiyo na harufu, kwa vidole, nusu dakika hadi dakika moja. Dodoki na taulo gumu havihitajiki. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na hayatoi povu upesi, hivyo mtu huongeza sabuni na sabuni ile hubaki usoni na kuwasha. Kama maji yako ni ya namna hiyo, kinga maji ya mvua kwenye chombo chenye kifuniko na utumie kikombe kimoja kwa suuza ya mwisho. Kausha kwa kugandamiza kitambaa safi bila kufuta.

Uso ukiwa bado na unyevu, paka losheni nyepesi isiyo na harufu, yenye glisirini ndani yake, na chupa ieleze kwamba haizibi vitundu. Watu wengi wenye chunusi hukataa losheni wakiogopa mafuta. Hapo wanakosea: ngozi kavu haiwezi kuvumilia dawa inayokuja. Glisirini tupu ya kwenye chupa, bila kuchanganywa, nayo si nzuri kwa ngozi nyeti.

Kwa jua, tafuta mafuta ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi, ya zinki oksaidi, kwa sababu hayo huchoma kidogo kuliko aina nyingine. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya krimu kwa urefu wa vidole viwili. Yasipopatikana, kofia pana au mtandio mzito vinasaidia sana, hasa kwa anayeshinda ufukweni, shambani au kwenye bodaboda.

Kuanza dawa

Uso usipobana wala kuchoma tena, jaribu dawa kwanza. Paka tone dogo chini ya taya, sehemu ileile, kila jioni kwa siku tano. Kukauka kidogo ni kawaida. Malengelenge, uvimbe au mwasho mkali ni dalili kwamba dawa hiyo haikufai.

Dawa tatu ndizo tunazozipa uzito, na unaanza na moja tu.

Benzoili peroksaidi huua bakteria wa chunusi na haiwafanyi wawe sugu. Nguvu ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya 5 na ya 10, ila huwasha kidogo kuliko hizo kwa mbali. Kwa ngozi nyeti hakuna sababu ya kupanda juu. Ukikosa ya 2.5, chukua ya 5 na uitumie kwa muda mfupi: paka kwenye ngozi kavu, subiri dakika 5, suuza, kisha losheni. Fanya hivyo siku moja kupumzika siku moja kwa wiki mbili, halafu kila siku, na polepole ongeza hadi dakika 10. Inababua rangi ya nguo. Khanga, shuka na ushungi vitatoka mabaka, kwa hiyo tumia kitambaa cheupe cha zamani na nawa mikono.

Adapalini ya asilimia 0.1 hufungua vitundu na kuzuia visizibe upya. Inafaa zaidi kwa mwenye vichwa vyeusi na vyeupe vingi. Mjamzito, au anayetafuta ujauzito, asiitumie. Hupakwa usiku. Osha uso, subiri dakika 20 ukauke kabisa, maana ngozi yenye maji hufyonza dawa nyingi na kuchomeka. Usiku wa joto kaa penye feni kwanza, jasho liishe. Paka losheni kidogo, kisha dawa kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, kisha losheni tena. Pembe za pua, pembe za mdomo na kope zikingwe kwa vaselini nyembamba. Usiku wa Jumatatu na Alhamisi tu kwa wiki mbili za kwanza, kisha siku baada ya siku, na ukivumilia, kila usiku.

Asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20, tunaipendelea kwa mwenye madoa mengi, kwa kuwa hutibu chunusi na kufifisha doa kwa pamoja, na hutumika hata kwa mjamzito. Huchonyota dakika chache mwanzoni, kisha hupoa. Si kila famasi huiweka, agiza mapema.

Dawa hupakwa eneo zima linalotokewa na chunusi. Kudonoa kipele kimoja kimoja ndiyo sababu kubwa ya watu kusema dawa haifanyi kazi, kwani chunusi ya wiki ijayo tayari imeanza kujijenga chini ya ngozi inayoonekana safi leo.

Mambo yanayoharibika njiani

Wiki ya pili hadi ya sita ya adapalini chunusi zinaweza kuongezeka. Usiache. Lakini ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, hivyo usitegemee macho kujua kama imeungua. Sikiliza hisia: ikichoma ukipaka losheni tu, ikibana ukitabasamu, au ikiwa na weusi wa kijivu na magamba, simamisha dawa siku tano, baki na losheni, kisha rudi kwa usiku mbili kwa wiki.

Matokeo ya kweli hupimwa wiki ya 12. Piga picha ya uso dirishani, mwanga uleule, siku ya kwanza na kila baada ya wiki nne, kwa sababu kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko. Madoa huchelewa kuliko chunusi zenyewe. Kukamua kunayaongeza, basi.

Tyubu isikae chini ya bati wala dirishani. Joto huiharibu, iweke chumba chenye kivuli, kwenye boksi lake.

Chakula tusikizungushe sana. Soda na vyakula vyenye sukari nyingi vinaweza kuongeza chunusi kwa baadhi ya watu, kwa hiyo vipunguze. Korosho za kukaanga hazina kosa lililothibitishwa.

Mkorogo

Hapa tunasema kwa uchungu, kwa sababu nyuso nyingi zinazoharibika huanzia hapa. Krimu za kung'arisha zinazochanganywa kwenye vikopo visivyo na lebo mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli au betametasoni, haidrokwinoni inayofifisha rangi ya ngozi, hata zebaki. Steroidi hutuliza chunusi siku chache, ndiyo maana hununuliwa tena. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, vipele vidogo vinajaa kuzunguka mdomo na mashavu, na ukiacha uso unawaka. Zebaki hupenya ngozi na kuumiza figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto.

Aliyetumia kwa miezi asianze dawa yoyote kati ya hizi tatu peke yake. Aende hospitali akapangiwe namna ya kuacha. Uso utawaka kwa wiki kadhaa, na kuurudia mkorogo ili kuutuliza huanzisha safari upya. Soma pia tyubu za fangasi za mchanganyiko: jina la betametasoni au klobetasoli likiwamo, si ya uso wenye chunusi.

Wakati wa kumwona daktari

Nenda ukiwa na vivimbe vikubwa vinavyouma chini ya ngozi, makovu yanayobonyea au kututumka, au chunusi isiyosogea baada ya wiki 12 za dawa iliyotumika vizuri. Mwanamke ambaye hedhi zake hupotea na ndevu zinaota anahitaji kupimwa homoni. Mtoto chini ya miaka 7 mwenye chunusi naye aonwe.

Daktari anaweza kuandika doksisaiklini, ambayo humezwa kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, haipewi wajawazito, na huifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Klindamaisini ya kupaka isitumike peke yake. Iende pamoja na benzoili peroksaidi ili bakteria wasijenge usugu. Aizotretinoini huleta ulemavu mkubwa kwa mtoto tumboni, hivyo haiguswi bila daktari na uzazi wa mpango wa uhakika.

Kwa Mtwara ulizia siku ya kliniki ya ngozi Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo. Kwa Lindi anzia Hospitali ya Sokoine. Walio Masasi na bara yake wana Ndanda, na barabara ya Lindi kwenda Masasi ipo Nyangao. Piga simu au tuma mtu aulize kabla ya kutoa nauli. Beba kila ulichopaka, tyubu, chupa, na kikopo kisicho na lebo. Taja pia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, dawa za kifua kikuu na za kifafa, kwa kuwa baadhi yake huleta vipele vinavyofanana na chunusi. Dawa hizo usiziache mwenyewe. Daktari ndiye atakayeamua kama zibadilishwe.